Sura ya Tano: Shanga Nyeusi Hazipokelewi Tabora

Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871, akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone, fedha haikuwa ndiyo iliyomsumbua zaidi. Gazeti lake, New York Herald, ndilo lililokuwa likilipa. Kilichomtoa jasho ni shanga. Nguo alizielewa upesi: merikani, kaniki, na vile vitambaa vya rangi vya kuwapa watemi. Shanga zilikataa kueleweka. Wafanyabiashara Waarabu walimweleza, naye akaja kuyaandika kitabuni, kwamba Unyamwezi wanapokea nyekundu na kuzikataa nyingine; kwamba nyeusi ni fedha Ugogo, lakini ukishavuka Ugogo ni takataka; kwamba zile kubwa kama yai zina soko Ujiji; kwamba nyeupe zinapendwa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Akapiga hesabu ya watu wake, siku za safari na nchi za kupita, mwishowe akanunua magunia 22 ya shanga za aina 11. Kukosea hesabu ile maana yake ilikuwa mpagazi atembee karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, frasila mbili begani, amebeba kitu ambacho hakuna atakayekigeukia.

Shanga zenyewe zilikuwa vioo tu, nyingi zimetoka viwanda vya Venice. Nyekundu haikuwa ngumu kuliko nyeusi wala haikung'aa zaidi. Bei yake ilikuwa machoni mwa mtu wa Unyanyembe aliyekuwa akiipokea.

Kisa hiki nilikisoma nikiwa shule, hapahapa Tabora, nikakisahau. Kilinirudia miaka mingi baadaye nikiwa nimeshika simu, masikio yanawaka kwa aibu.

Baba mkubwa alifariki Urambo. Kabla mwili haujaoshwa, grupu la WhatsApp lilikuwa limeshafunguliwa: picha ya marehemu akiwa na koti lake la sikukuu, na ndani yake watoto, wajukuu, wakwe, majirani wa zamani, watu wa kanisani kwake, na namba kadhaa ambazo hadi leo sijui ni za nani. Pole zilikuwa zikimiminika. Mimi maneno yalinikwama. Nikapekua stika zangu, nikaikuta ile ya Pawpaw analia, mdomo umepinda, machozi yamelowesha mashavu. Nikaituma. Niliituma kwa uchungu wa kweli, naomba uniamini.

Grupu likanyamaza. Binamu yangu wa Dar es Salaam akaniandikia pembeni: "Kaka, futa hiyo." Sijafuta, mama mdogo akaingia na ujumbe wa sauti, ile sauti yake ya taratibu ya mtu aliyelia usiku kucha: "Poleni sana wanangu. Na huyo mtoto anayelia hivyo ni wa nani? Jamani mchukueni, mtu ambembeleze."

Vijana wa ukoo walijikaza mpaka arobaini ikapita. Baada ya hapo hawakujikaza tena.

Nimeitafakari stika ile kuliko inavyostahili. Picha ilikuwa moja, na ilisomwa kwa namna tatu kwa wakati mmoja. Kwangu ilikuwa machozi. Kwa binamu zangu, wanaoituma timu yao ikifungwa au bando likikata katikati ya mechi, ilikuwa kilio cha kuigiza, na anayekituma msibani anafanya dhihaka. Kwa mama mdogo, ambaye hakuwahi kuiona kabla, alikuwa mtoto wa watu amefiwa na hakuna anayemshika mkono. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesoma vibaya. Mimi ndiye niliyefungua gunia la shanga nyeusi katikati ya Unyamwezi.

Huyo "mtoto", kama hukujua, ni mtu mzima. Ni Osita Iheme wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye pamoja na Chinedu Ikedieze alijulikana kwa filamu ya Aki na Ukwa ya mwaka 2002. Filamu zao zilifika kwetu kwenye mabanda ya video na ndani ya mabasi ya mikoani, tukazitazama mpaka mikanda na sidii zikachakaa. (Wengi humwita Aki, lakini Aki ni yule mwenzake.) Ilipofika mwaka 2019 vipande vya filamu hizo vilikatwa vikawa picha za kujibia mtandaoni, vikazunguka dunia nzima, hata Brazil ambako karibu hakuna aliyekuwa ameiona filamu yenyewe. Kisa cha filamu kilibaki nyuma. Uso peke yake ndio uliosafiri, na kila ulipofika mwenyeji aliuwekea maneno yake.

Neno "meme" lilibuniwa na mwanabiolojia Mwingereza Richard Dawkins mwaka 1976, kutokana na neno la Kigiriki linalohusu kuiga. Alikuwa akitafuta jina la kitu chochote kinachoruka kutoka kichwa hadi kichwa: wimbo, mtindo wa nguo, namna ya kufinyanga chungu. Hakuwa na habari ya simu. Kwetu neno limekuja likiwa tayari limeishia na irabu, utadhani ni nduguye umeme, lakini mtaani halisikiki sana. Watu husema stika, au husema tu "ile picha".

Na stika ndiyo iliyotamalaki, kwa sababu za mfukoni kwanza. WhatsApp ilizileta Oktoba 2018, na kwa kanuni zake stika isiyotembea haitakiwi kuzidi kilobaiti 100. Mwenye bando la siku anaweza kutuma stika asubuhi mpaka jioni asione pengo, wakati video moja ya kuchekesha inaweza kumwacha bila salio la kumjibu mkewe. Tena stika haikuombi ruhusa ya kufunguliwa. Inatua mbele ya macho ya mama mdogo hivyo hivyo, atake asitake. Hapo ndipo uzuri na hatari yake vinapokaa kitanda kimoja.

Basi mtu aitumieje? Nitaanza na jambo ambalo misafara ililijua. Msafara ukifika nchi mpya haukumwaga mizigo sokoni. Ulipiga kambi. Watu walienda kusalimia, wakatoa hongo kwa mtemi (zamani hizo hongo lilikuwa neno la ushuru, halijachafuka), wakauliza mwaka huu wanawake wanavaa rangi gani. Mitindo ya shanga ilibadilika. Mzigo uliouzika safari iliyopita uliweza kukataliwa safari hii. Ukiingizwa kwenye grupu jipya, la wazazi wa darasa la mtoto au la wauza asali wenzako, kaa siku mbili tatu ukisoma. Nani anatuma picha? Nani akituma anajibiwa? Yupo mzee ambaye akiingia wote wanarudi kwenye "Shikamoo"? Ukimaliza kuchunguza hayo, hutauliza tena ni stika ipi utume.

La pili ni utani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini sisi watu wa njia hii ya misafara tulikuwa na shule nzima ya meme kabla simu haijazaliwa.

Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani kwa maelfu kila mwaka, wakapita kwa Wagogo, kwa Wasagara, wakalala kwa Wazaramo, na katika kulala na kuuziana chakula na kuuguzana, pengine na kupigana pia, ukazaliwa utani wa makabila unaojulikana mpaka leo. Katika miaka ya 1940 R. E. Moreau, anayejulikana zaidi kwa kuchunguza ndege kule Amani, Usambara, aliuona utani huu ukiwa wa ajabu kiasi cha kuacha ndege wake na kuandika makala juu yake. Alichokikuta mtu wa Tabora anakifahamu: mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kukuita mtumwa wake, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeaibika wewe.

Lakini watu hukumbuka ruhusa tu wakasahau deni. Kwenye msiba, mtani ndiye anayeigiza jinsi marehemu alivyokuwa akikohoa, anayeziba njia ya jeneza mpaka alipwe, anayewachekesha wafiwa waliokwisha kulia. Na ni huyo huyo anayetarajiwa kushika jembe kaburini na kufanya kazi ambazo ndugu wa damu mikono yao imelegea kuzifanya. Kicheko chake kimelipiwa kwa jasho. Stika yangu ilikosa hilo. Mimi sikuwa mtani pale, nilikuwa mfiwa. Angeituma mtani wetu Mzaramo aliyekuwa jikoni anapasua kuni, nadhani hata mchungaji angetabasamu.

Utani una mipaka mingine. Mjukuu na bibi hutaniana, humwita "mke wangu" na yeye hujibu. Shemeji hutaniana. Mkwe? Mkwe hatazamwi hata usoni. Kwenye nyumba ya zamani mambo haya yalipangwa na kuta na nyakati: mkwe akipita upande ule, wewe unapita huku. Grupu la WhatsApp limewaweka mtani, mkwe, bibi na mtoto wa miaka 15 kwenye mkeka mmoja, taa zimewaka. Ndiyo maana kichekesho ambacho kila mmoja wao angekifurahia akiwa peke yake kinaweza kuharibu hewa wakiwa pamoja. Dawa yake ipo na ni rahisi: toka nje ya grupu, mtumie mhusika pembeni. Meme nzuri nyingi zinaharibiwa na uroho wa kutaka watu 100 wacheke badala ya mmoja.

Ukitaka kuona utani wenye leseni ukifanya kazi mtandaoni, subiri mpira. Simba na Yanga hawaitwi wapinzani. Wanaitwa watani wa jadi, na jina hilo si pambo. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zimewapa Watanzania uwanja ambamo mkurugenzi anaweza kutukanwa na mlinzi wake, wakiitana makolo na utopolo, na Jumatatu kazi ikaendelea. Yanga walipoifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, kiganja cha mkono kilitosha kuwa salamu. Mtu anakupungia, wewe mwana Simba unageuza uso.

Mimi nilifaidi zaidi mwaka uliofuata. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United, Nyuki wa Tabora, walikwenda Dar es Salaam wakawafunga mabingwa Yanga 3-1. Grupu letu la watu wa Ng'ambo, hapa Tabora, lilizizima. Zilikuja picha za nyuki wenye jezi, nyuki wenye misuli, nyuki wenye maandishi marefu yanayoeleza nani kafungwa na nani na kwa nini anastahili. Tulicheka kiasi. Kisha mzee mmoja, fundi cherehani asiyesema sana, akamjibu mwana Yanga wetu mkuu kwa picha moja isiyo na neno: chupa ya asali mezani, ile ya kawaida inayouzwa stendi, na kijiko pembeni.

Hiyo ndiyo iliyotuua. Nimejaribu kueleza kwa nini, na kila ninapoeleza inapungua ladha, lakini kazi ya kitabu hiki ni kueleza. Zile za nyuki wenye misuli zilikuwa zimeshamaliza kila kitu. Msomaji hakuachiwa chochote cha kufanya. Chupa ilikuachia kazi. Ilibidi wewe mwenyewe uvuke kutoka asali hadi nyuki, kutoka nyuki hadi mabao matatu, na ukifika ng'ambo unajiona mwerevu, unamshukuru aliyekuvusha. Tena ilikuja kama jibu. Mwana Yanga alikuwa ameandika kwamba amechoka, anahitaji kitu cha kumtuliza koo.

Hapo pa jibu pana jambo. Kwenye safari za zamani kirangozi alitangulia, akaanzisha wimbo, na mstari mzima wa wapagazi nyuma yake ukaitikia. Hivyo ndivyo mzigo ulivyopungua uzito. Meme kwa asili yake ni kiitikio. Inahitaji mtu awe amesema kitu. Yule ndugu yetu sote anayeamka saa kumi na moja akamwaga picha sita za kuchekesha kabla hajasalimia, anaitikia wimbo ambao haujaanzishwa. Na mara nyingi picha zake zina ile mishale miwili ya WhatsApp, alama kwamba zimeshapita mikono mingi. Ukiiona, jua kwamba uliokusudia kuwachekesha wameshacheka juzi.

Wanawake wa pwani na wa Tabora wamelijua fumbo hili la picha na maneno kwa zaidi ya karne. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake limeandikwa chini. Jirani anayekusema huendi kugombana naye. Unavaa kanga yenye jina linalomhusu, unapita mbele ya kibaraza chake kwenda dukani kununua chumvi usiyoihitaji. Akilalamika, wewe umevaa nguo tu. Meme imerithi ujanja huo wote, pamoja na udhaifu wake. "Mimi nimetuma picha tu" ni kauli ya mtu anayejua fika alichofanya. Sina ugomvi na fumbo, ila likigeuka ukuta wa kujificha kila siku, wenzako watakuchoka. Aliyekuuliza lini utamrudishia fedha yake, ukamjibu kwa stika ya mtu anayekimbia, hajachekeshwa. Anahesabu. Vivyo hivyo mchango wa harusi, kuomba radhi, majibu ya hospitali: andika maneno.

Kuna suala la nyuso za watu, na hili sina mzaha nalo. Njia yetu ilikuwa na desturi ya kumgeuza mtu kuwa kitu kimoja kinachorudiwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Wapo wasemao ni mlio wa bunduki zake, wapo wasemao ni macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mtyela Kasanda wa Urambo akawa Mirambo, na inasemwa maana yake ni maiti. Majina hayo yalikuwa meme kwa maana kamili ya Dawkins, lakini waliobebeshwa walikuwa wenye majeshi. Waliyavaa wenyewe, yakawafaa. Huko Kenya, yule mpiga kura aliyepigwa picha akila githeri foleni siku ya uchaguzi wa Agosti 2017 alipata zawadi na umaarufu, na watu hupenda kumtaja kama ushahidi kwamba hakuna anayeumia.

Sasa mchukue mama muuza ndizi wa stendi, aliyepigwa picha akiwa amesinzia mdomo wazi baada ya kuamka saa tisa usiku, akafanywa stika ya uvivu. Yeye hana jeshi. Simu yake ni ya vitufe. Hataiona stika hiyo mpaka siku mteja atakapomwonyesha akicheka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua anayemsumbua mwenzake kwa njia ya mtandao, lakini sitaki kukutisha kwa sheria ambayo huyo mama hatakwenda kuitafuta. Nakuomba tu: fungua simu yako leo, pitia stika zako, na zile za watu wasiojua kwamba ni stika, zifute.

Namalizia na mama mdogo, maana niliacha habari yake njiani. Mwaka mmoja baada ya msiba, mjukuu wake alimfundisha kuhifadhi stika. Ya kwanza kuihifadhi ilikuwa ya Pawpaw. Hakujali tuliyomweleza kuhusu Nigeria wala filamu. Kwake ni mtoto anayelia kwa sababu mtu amekufa, na kila msiba ukitokea katika ukoo, kabla ya maneno yoyote, anamtuma huyo mtoto. Mara ya kwanza vijana walibana vicheko. Mara ya tatu binamu yangu wa Dar es Salaam, yule aliyeniambia nifute, aliituma yeye mwenyewe chini ya ya mama mdogo. Mwezi uliopita tumemzika jirani yetu mmoja wa Ng'ambo, na kwenye grupu la familia nimehesabu Pawpaw kumi na moja, na hakuna aliyecheka.